Zimwi Mla Vilio

Paukwa!

Pakawa!

Aa-aa! Hiyo nayo ni pakawa? Mihogo yangu mmeimaliza, halafu mnaniitikia kama kuku wenye mdondo. Tena!

Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Ukiita ukaitikiwa, hadithi inaamka. Ukiita usiitikiwe, inarudi zake kulala. Na wewe Mwinyi, acha kuuchokoa mkeka wangu. Sogeeni.

Hapo kale palikuwa na kijiji cha wafinyanzi, na katika kijiji hicho palikuwa na mwanamke jina lake Sikudhani. Vyungu vyake vilikuwa vyembamba na vyepesi, watu wakivifuata kutoka mbali. Kazi alifunzwa na mama yake. Tangu utotoni, mama yake akikanda udongo uani huita, "Sikudhani wa mama!" Naye popote alipo huitika, "Abee, mama!" Basi, yakaishia hapo. Hakutumwa maji wala kuni. Aliitwa tu aitike.

Mama yule akafa, naye Sikudhani ana mimba ya miezi saba.

Alipojifungua binti, Zawena, hapakuwa na mama wa kumkanda kwa maji ya moto, wala wa kumpikia uji wa pilipili manga, wala wa kukaa naye ndani siku arobaini. Mumewe Makame alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa safarini kuuza vyungu milimani, na huko kurudi ni miezi.

Jirani yao, Bi Mize, alikuja na bakuli la uji. Sikudhani akamjibu kupitia upenyo wa mlango, "Ahsante, bibi. Sijambo. Nimeshiba."

Uongo mtupu! Hakushiba, na hakuwa hajambo. Moyo wake ulikuwa umepoa kama jiko la jana. Hakumchukia mtoto. Alimnyonyesha, alimwosha, alimlaza. Ila akimtazama hakuhisi kitu, na aibu ikamziba mdomo asimwambie mtu. Zawena akilia, Sikudhani naye huziba masikio akalia.

Siku moja, mchana, alipita bibi mmoja nadhifu, amejitanda kanga mpaka kisogoni, mkononi kashika susu. Susu si mnaijua? Ile ya kamba, hutundikwa darini paka asiifikie.

"Hodi, mwanangu."

"Karibu, bibi."

"Nimesikia kilio cha mtoto tangu kule mtoni. Maskini, umechoka! Mimi ni mlezi. Sitaki ujira, hata maji ya kunywa sitaki. Tundika susu hii, mweke mtoto, itapembea yenyewe. Mtoto mpole, mama apumzike."

Basi Sikudhani akatundika susu, akamweka mtoto. Susu ikaenda huku, ikaenda huku, na hakuna mkono ulioigusa. Zawena akalia.

"Usimwitike," bibi akasema. "Mwache."

Hakuitikiwa. Yule bibi akaipa susu kisogo, na chini ya kanga kukasikika kitu kinatafuna, kwacha-kwacha. Mtoto akanyamaza kimya. Sikudhani akajilaza, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akalala usingizi.

Sasa wajukuu zangu, yule hakuwa bibi. Lilikuwa zimwi, na mdomo wake uko kisogoni. Tena halikuwa zimwi la kula nyama. Lenyewe hula kilio cha mtoto kisichoitikiwa. Likimaliza kilio hula kicheko. Likimaliza kicheko hula mtazamo, yale macho ya mtoto anapomtafuta mtu wake. Likishakula vyote vitatu, mtoto ni wake.

Siku ya pili Zawena alimwona mjusi ukutani, akacheka, akageuza shingo atafute wa kucheka naye. Sikudhani amelala, uso ukutani. Zimwi likampa kisogo: kwacha-kwacha. Kicheko kikaenda.

"Mtoto mpole, mama apumzike."

Wapita njia nao wakasifu. "Mashallah, mtoto mpole huyu! Hata halii!" Bi Mize alikuja na uji mara ya pili, akaambiwa na yule mlezi kwamba mama amelala. Akaja mara ya tatu, akaambiwa mama amelala. Akaliweka bakuli kizingitini, akasema, "Nitarudi," akaenda zake huku anaguna.

Usingizi ulimrudishia Sikudhani nguvu za mikono. Akatoka uani, akafinyanga, akachoma vyungu vyake. Vilipopoa akakaa kuvijaribu, kama afanyavyo kila mfinyanzi: unakigonga chungu kwa kidole unasikiliza. Cha kwanza kikalia, ngeee! Cha pili kikalia, ngeee! Cha tatu akakigonga. Bu. Akakigonga tena. Bu.

Chungu kizima ukikigonga hulia. Kikinyamaza, kina ufa, hata kama macho hayauoni. Hilo Sikudhani alilijua kabla hajaota meno ya ukubwa.

Kidole chake kikabaki hewani. Nyumba ilikuwa kimya, kamba ya susu tu ndiyo iliyosikika. Akajiuliza, "Mwanangu hajalia tangu lini?"

Akaingia mbio. "Zawena!" Mtoto yumo, macho yako darini. "Zawena!" Macho yakashuka, yakampita, yakarudi darini. Sikudhani akaitazama ile susu, na hapo ndipo akili ilipomjia. Enyi watoto, kwenye susu huwekwa nini?

Chakula!

Naam! Chakula! Akamkwapua mtoto, akamkumbatia.

"Mrudishe," zimwi likasema. "Limebaki tonge moja." Kanga ikateleza, na Sikudhani akauona mdomo kisogoni, unajilamba.

"Umemwibia mwanangu!"

"Sikuiba. Kilio na kicheko vilikuwa havina mtu, nikala. Na vilivyoliwa havirudi mpaka viitwe. Haya, mwite basi."

Sikudhani akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Atamwitaje mtu, naye mwenyewe hajaitwa na mtu tangu mama yake azikwe? Akakaa chini na mtoto mapajani, machozi yanamtiririka. Zimwi likasogea hatua moja.

"Sikudhani wee!" Sauti ya Bi Mize hiyo, huko nje, na uji wake. Kimya.

"Sikudhani wee!" Kimya. Zimwi likasogea hatua ya pili.

Bi Mize akasimama mlangoni akafikiri. Miaka mingapi alimsikia mama yake Sikudhani akiita ng'ambo ya ua? Akavuta pumzi akaita vilevile:

"Sikudhani wa mama!"

"Abee!" Neno lilimtoka Sikudhani lenyewe, na kilio chote cha msiba kikafuata nyuma yake.

Bi Mize akausukuma mlango. Akaliona zimwi, na unadhani alikimbia? "Nipishe huko na kisogo chako!" Akalitishia upawa, likaruka mpaka kizingitini. Kisha akamgeukia Sikudhani. "Mwanangu, mbona hukuniambia?"

"Niliona aibu, bibi. Mama gani hamhisi mwanawe?"

"Mama aliyefiwa. Mama aliyechoka. Wewe si wa kwanza. Kunywa uji."

Akakaa nyuma yake, akamwegemeza kifuani. Bi Mize akampakata Sikudhani, Sikudhani akampakata Zawena. Zimwi likajikunyata mlangoni likasema, "Nitangoja. Mtachoka tu."

Siku ya kwanza Sikudhani akaita, "Zawena wa mama!" akangoja. Kimya. Akaita tena, akangoja. Alipochoka, Bi Mize alimshika mtoto, naye akalala kidogo, akaamka akaita tena. Jioni macho ya Zawena yakashuka kutoka darini, yakakaa kwenye kidevu cha mama yake. Zimwi likapungua, likawa kama mbuzi.

Siku ya pili, "Zawena wa mama!" Macho yakapanda kutoka kidevuni yakakutana na macho. Sikudhani akatabasamu, na safari hii hakujilazimisha. Zimwi likakohoa, kicheko kikalitoka, kikarudi kwa mwenyewe. "He!" mtoto akacheka. Zimwi likawa kama kuku.

Siku ya tatu, "Zawena wa mama!" Mdomo wa mtoto ukatetemeka. Zimwi likakohoa, likakohoa, likakohoa mara ya tatu, likatapika kilio. Mtoto akalia! Alilia kilio cha siku zote zile, kijiji kizima kikasikia.

"Abee!" Sikudhani akaitika. "Abee, mwanangu! Mama yupo! Abee!" Akambusu huku analia na kucheka, na moyo wake ukapata moto.

Zimwi lilipungua mpaka likawa punje ya mtama, jogoo wa Bi Mize akalidonoa. Wanasema jogoo yule hakuwika wiki nzima, kila akifungua mdomo anakohoa.

Makame aliporudi kutoka milimani alikuta samaki mkavu kwenye susu, na mtoto kwenye mbeleko mgongoni mwa mama yake. Wapita njia wakasema, "Siku hizi mwanao mlizi!" Sikudhani akakigonga chungu kwa kidole. Ngeee! "Mzima," akawajibu.

Hadithi yangu imeishia hapo, kizingitini kwa Sikudhani. Aliyesinzia akaulize kwa mwenziwe.

Na maana yake ni hii: mtoto mchanga akilia anaita, mwitikieni. Na mkimwona mzazi kanyamaza na mlango kaufunga, msimsifie upole wa mtoto. Mwiteni yeye kwanza, tena kwa jina lake, mpaka aitike.

Hebu, nyamazeni. Nani huyo analia chumbani? Si mdogo wenu ameamka? Haya, kabla mama yake hajanawa mikono akamchukua, mwitikieni, wote kwa pamoja!

Abee!