Vidole vya Mutie na Mimbari ya Kanisa

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Yaani, anayekimbilia jambo kabla halijaiva hulikosa, au hulipata likiwa chungu. Methali hii haikutungwa kwa ajili ya Mzee Mutie wa Kayole, ila mwaka wa 1996 alijitahidi kama mtu aliyeapa kuithibitisha.

Mutie alikuwa mchonga vinyago. Twiga wake walikuwa na shingo ndefu kuliko foleni ya maji mtaani. Siku moja tezo lilimponyoka likamkata kiganja cha kulia. Kidonda kilipona, lakini vidole vikabaki vikavu kama kuni, vikitetemeka hata akishika kikombe. Na kanisa lao lilikuwa limemwahidi kazi aliyoiota tangu ujana: kuchonga mimbari ya mvule kabla ya Pasaka.

Hospitalini alikabidhiwa kwa Bi Waithera, ambaye kazi yake ilikuwa kuwarudishia wagonjwa uwezo wa kufanya shughuli zao. Mutie alitarajia dawa. Badala yake aliketishwa mkekani, akaambiwa anyooshe mgongo, afumbe macho na kufuata pumzi yake huku akikunja na kukunjua vidole polepole. Mazoezi hayo yaliitwa yoga.

Balaa ilianzia machoni. Mutie alikuwa mzee wa kanisa, na tangu azaliwe hakuwahi kufumba macho mchana ila kwa maombi au usingizi. Kila alipoyafumba, kinywa kilifunguka chenyewe. Akawaombea wagonjwa, akaombea mvua ya Machakos, akawaombea hata makanga wa matatu za Spine Road. Vidole vikasahauliwa. Waithera akawa anatokota kimyakimya kama sufuria ya githeri.

"Mzee, si maombi haya. Sikiliza pumzi tu."

"Binti yangu, mtu akifumba macho bila kuomba, anamfumbia nani?"

Waithera akamruhusu ayaache wazi, mradi avitazame vidole vyake na kunyamaza. Hapo mambo yakaanza kunyooka. Pumzi ilitulia, mtetemo ukapungua, na asubuhi moja kidole cha shahada kikagusa gumba. Waithera alimwonya asiguse tezo kwa mwezi mmoja zaidi. Akivumilia, Pasaka ingemkuta na muda wa kutosha.

Mutie aliitikia kwa kichwa, moyo ukiwa umeshafika kwenye mvule. Jioni hiyo hiyo mkewe, Wanza, alimkuta uani akijifunga tezo mkononi kwa kitambaa.

"Baba Ndanu, umeambiwa upumue, hukuambiwa upasue."

"Nimepumua vya kutosha. Pasaka haingojei mapafu ya mtu."

Mapigo ya kwanza yalitua vizuri, akatabasamu kwa ushindi. Kisha kitu kikakatika kiganjani kama uzi wa gitaa.

Kesho yake hospitalini, Waithera aliutazama mkono uliovimba kama andazi, akautandaza mkeka. "Mzee Mutie, umenichosha," alisema, "na bado nitakutibu. Tunaanza upya. Keti."

Mimbari ikachongwa na Kiilu, kijana aliyefundishwa na Mutie mwenyewe. Siku ya Pasaka waumini walimmiminia Kiilu sifa hadi akaona haya. Mutie, mkono ukiwa kwenye bendeji, aliikodolea macho mimbari na majani yaliyochongwa ubavuni mwake, kutoka benchi la nyuma.

"Majani yale hayana uhai," alimnong'onezea mkewe.

"Yangekuwa nao," Wanza akamjibu, "ungeungoja ule mwezi."

Mutie alimeza mate machungu. Kweli, mwenye pupa hadiriki kula tamu.