Jeki ya Elisifa

Msigeuze nyuso. Mnaona kutu ikipakwa rangi, mnajifanya mnasoma simu. Leo mmemsikia fundi akisema, "Akupendaye hukuonyesha kutu," mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ameutoa wapi msemo huo. Haya, mimi sisahau. Methali hii ilianza hivi.

Pale Moshi alikuwepo Elisifa, mchomeleaji mageti. Kwa miaka sita alilijenga gari lake la mbio la Kijapani kwa mikono yake: akafunga turbo na ekzosi pana, akakata springi hata likakaa chini kama kuku anayeatamia. Siku moja lilipiga tuta, chesisi, fremu ya chuma inayobeba gari, ikapasuka. Akaichomelea, akapaka rangi nyeusi. Sasa mkewe, Nanzia, alikuwa na mimba ya miezi minane, na upande mmoja wa nyumba yao haukuwa na bati. Elisifa akaamua kuliuza gari lake mwenyewe, bila dalali.

Dalali alipita hata hivyo, akamnong'oneza: "Mteja mwache aungurumishe injini tu. Jeki ficha. Gari la chini hivyo, bila jeki nani atachungulia?"

Akaja Nakijwa, mwuza vitenge. Akaungurumisha injini, macho yakamlegea. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akabonyeza kiti.

"Kaka, mama yangu atakaa hapa. Nampeleka kliniki kila mwezi, mgongo wake mbovu. Ataweza?"

Elisifa akaingia ndani, akatoka na jeki na kipande cha boksi.

"Lala hapa chini, dada, uone."

"Na gauni hili? Unanitania!"

"Lala tu," Nanzia akasema. "Mimi nitawashikia tochi. Tumbo hili haliingii huko."

Wakaingia chini ya gari. Elisifa akaweka kidole penye mshono. "Hapa ilipasuka. Nilichomelea mimi, na kutu imeshaanza kuutafuna. Mama yako nisingemkalisha juu yake."

Nakijwa akainuka, akajikung'uta, akaondoka bila kuaga. Nanzia hakumlaumu mumewe. Alimpangusa vumbi mgongoni, akasema taratibu, "Mvua ikija tutalala upande wenye bati. Watatu tutabanana."

Siku ya tatu Nakijwa alirudi na mjomba wake, fundi bodi. Gari likanunuliwa kwa bei pungufu, ili chuma kile kikatwe na kuwekwa kipya. Kwa Elisifa, bati hazikutosha. Pembe moja ilibaki wazi hadi mtoto alipoanza kutambaa.

"Nimeonyeshwa magari manne yasiyo na kasoro," Nakijwa alisema. "Hili tu ndilo nimeliona lote."

Mjomba wake akaitikia, "Mtu huyu amempenda mama yako hata hajamwona. Akupendaye hukuonyesha kutu."

Basi msinitikisie vichwa. Anayeuza gari, ng'ombe au kiwanja, ampigie mnunuzi wake simu sasa hivi, amwambie palipopasuka. Si kesho. Inukeni! Akupendaye hukuonyesha kutu.