Mkeka wa Bondeni

Paukwa!

Pakawa!

Anayesinzia apigwe kiwiko, hii si ya kulalia.

Hapo zamani za kale, kilimani waliishi watu waliofukuzwa bondeni na mafuriko. Aliyewapandisha ni Bibi Nyevu. Mto ulipokuja, shuuu!, wengine walikimbilia mbuzi. Yeye alikimbilia watoto, akawatoa mmoja mmoja. Hata macho yalipomwisha uzeeni, alimjua kila mtu kwa kumgusa kichwa.

Basi palikuwa na msusi wa mikeka, Mbodze. Mafuriko yalimkuta ana miaka saba. Sasa ni mtu mzima, na mikono haitulii. Suka, fumua. Suka, fumua. Mikeka mizuri, lakini kila akiitazama anaiona ya watu wengine.

Siku moja Bibi Nyevu akamwita.

"Mjukuu wangu, siku zangu zimekwisha. Nisukie bonde letu. Nataka nilishike kabla sijaenda."

"Bibi, nilikuwa mtoto. Sikumbuki."

"Asiyekumbuka hulala. Wewe hulali."

Mbodze akarudi kwake. Suka, fumua. Akatoka, akaingia. Akaenda kisimani, akafika hana mtungi! Siku ya nne akaloweka ukindu, na harufu yake ikamkumbusha mama yake kule bondeni, amesimama mlangoni, miguu imelowa umande. Hapo vidole vikaanza kukimbia, chwa! chwa! chwa! Akasuka kizingiti cha mama. Akasuka njia ya mtoni, inapinda, inapinda. Akasuka shamba la mtama. Alipofika ukingoni mwa mto, vidole vikagoma.

Akaupeleka mkeka hivyo hivyo kwa Bibi.

Bibi Nyevu akaupapasa. "Hii njia ya mtoni. Hili shamba langu la mtama. Ulikuwa mwizi wa mabua, wewe!" Akacheka. Kisha vidole vyake vikatumbukia. "Na hapa mbona pana tundu?"

Mbodze akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Hapo nilimshika mkono mdogo wangu, Kadzo. Maji yalipokuja, nikamwachia."

Bibi akamvuta, akamgusa kichwa.

"Wewe ulikuwa na miaka saba, mwanangu. Mto ule hakuna ajuaye umri wake. Kaa hapa. Usisuke maji. Suka mkono tu."

Mbodze akasuka huku analia, wala hakufumua. Vikainuka juu ya mkeka vidole vitano, vidogo. Bibi Nyevu akaweka kiganja chake juu yavyo, akakishika kimkono kile kama anayemvusha mtoto. Siku ya tatu akafa, kiganja kipo pale pale.

Je, Mbodze alipumzika? Wapi! Alipotoka kuzika aliwakuta watu wamejaa mlangoni kwake, kila mmoja na jina la mtu wake aliyebaki bondeni. Akachukua kisu, akaenda kukata ukindu.

Ndiyo maana wazee husema: linalokuuma tangu utotoni usilikimbie, lipe kazi mikononi.

Hadithi yangu naitua hapa. Mwenye nguvu na aibebe.