Fataki za Liang

Dhahabu ilipozuka Lupa, Liang, kijana wa Kichina, alichimba mashimo mawili: moja mlimani, jingine bondeni. Tajiri Mwasomola akamjia na watu wake wenye marungu.

"Mchina, kesho nachukua shimo moja, nitakalochagua mwenyewe. La pili naapa mbele ya wachimbaji wote, sitaligusa. Mshukuru Mungu."

"Namshukuru, Bwana Mkubwa."

Kesho yake alimkuta Liang bondeni, akichinja jogoo na kupasua fataki hadi mbwa wakakimbia. Mlimani kulikuwa kimya.

"Kumbe leo sikukuu!" Mwasomola akacheka. "Basi nachukua hili hili. Toka!"

Liang akainamisha kichwa, akaenda zake mlimani.

Mwezi mzima watu wa Mwasomola walichimba bondeni, wakapata maji na vyura. Tajiri akapanda mlimani akihema, akamkuta Liang anachekecha dhahabu kwenye karai.

"Mwongo wewe! Mbona ulisherehekea shimo tupu?"

"Sikusherehekea, Bwana Mkubwa. Kwetu fataki hupasuliwa kufukuza mkosi."

"Na huku mbona hukupasua?"

"Huku mkosi ulikuwa haujafika," akasema Liang, akatoa kiberiti.