Ushahidi wa Bibi Umaima juu ya Bonde la Sidri

Inasimuliwa kwamba katika zama zilizopita miji miwili, Sarhan na Hadhba, iligombania Bonde la Sidri lililokuwa kati yao, bonde lenye visima na malisho. Amiri wa Sarhan alipofariki, alitawazwa mwanawe Yaqdhan, kijana mwenye haraka. Watu wa baraza wakamwambia, "Marehemu baba yako aliwalegezea mno wale. Wewe lichukue bonde, uheshimike."

Akakusanya jeshi. Lakini askari walisitasita, kwani walisikia kwamba marehemu aliwekeana ahadi na Hadhba. Shahidi pekee aliyesalia hai alikuwa Bibi Umaima, mjane mchamungu, aliyewakaribisha maamiri hao mahasimu nyumbani kwake siku ya ahadi. Na mwanawe wa pekee aliuawa bondeni humo na mtu wa Hadhba.

Yaqdhan akamwendea. "Mama, Ijumaa baada ya swala simama useme bonde ni letu. Nami nitakulipizia kisasi cha mwanao."

Tangu hapo bibi hakutulia. Akisimama kuswali, husahau rakaa. Akiinjika chungu, hukiepua hakijachemka. Mara aseme, "Neno moja tu, na roho yangu itapoa." Mara aikumbatie kanzu ya mwanawe na kulia, "Astaghfirullah!"

Ijumaa ikafika. Farasi walikuwa wameshatandikwa, wakiparapara ardhi nje ya msikiti. Bibi akasimama mbele ya safu za askari, akamgeukia Yaqdhan.

"Wallahi, baba yako na amiri wao waliapa mbele yangu kwamba bonde ni malisho ya wote. Aliyemuua mwanangu ana hesabu yake kwa Mola. Ama kiapo kile, mimi sitakikana."

Amiri akawaka. "Kwani huna uchungu na mwanao?"

"Ninao, baba. Ndiyo maana simtakii mama mwingine."

Yaqdhan akaenda huku na huku, mkono upangani. Akawatazama askari; hakuna aliyeinua macho. Hatimaye akasema kwa sauti ndogo, "Watueni farasi matandiko." Kisha akatuma wajumbe Hadhba kuihuisha ahadi na kudai muuaji ahukumiwe kwa sheria.

Wapo waliomwita bibi msaliti, wakaacha kumsalimu. Akasubiri.

Enyi ndugu, kweli inayomfaa rafiki husemwa na kila mtu. Mja huyu, Mola amrehemu, aliisema iliyowafaa waliomliza.