Kiti cha Mbele cha Mke Wangu

Mungu anisamehe, nilijua breki za kile kigari cheupe chakavu nilichokuwa nauza zimekwisha. Mama Nakijwa, muuza vitumbua, alikuja kukinunua kwa akiba yake yote.

"Bosi, breki zikoje?"

"Ukigusa tu, kimesimama!"

"Basi nakichukua leo. Jumamosi nawapandisha wanakwaya milimani, kuna harusi. Mkeo nimemwekea kiti cha mbele."

"Mama, niachie mpaka Ijumaa nikikague kidogo."

"Bei ileile?"

"Ileile, mama."

Nikafunga breki mpya kwa fedha yangu. Ijumaa akalipa, akaondoka akipiga honi.

Jioni nikamwambia mke wangu, "Kesho harusini uende bila hofu."

Akacheka. "Harusi gani, Baba Eliamini? Hujui tuko kwenye Kwaresima, kanisa halifungishi ndoa mpaka Pasaka?"