Kakakuona Aliyekalia Chakula Chake

"Kabla yangu, nani alikuwa akiwaamulia?"

Kakakuona aliuliza swali hilo mbele ya wanyama wote. Ngiri alitazama kwato zake. Muhanga alijikuna sikio. Nyani alikohoa kidogo, akasema, "Tuendelee na ratiba."

Ngojeni, nimeingilia dirishani. Nafungua mlango!

— Fungua, tuingie.

Ndani mna wanyama na makosa yao.

— Yao tu, au na yetu yamo?

Mtajijua wenyewe. Kaeni.

Hapo kale, kale ya mababu wa babu zetu, palikuwa na mwitu kando ya mto, na mwituni alikuwamo jaji, Kakakuona, ajuza wa magamba. Alikaa juu ya kichuguu. Aliamua kesi asubuhi, akaamua kesi jioni, masika hata masika, mpaka kucha zake zikalika. Mchwa walipita chini ya tumbo lake, na mchwa ndio chakula chake, lakini hakula hata mmoja wa pale. Nani ale kiti cha mahakama?

Karani wake alikuwa Nyani. Kila mwenye kesi alipita kwanza kwa Nyani na tunda. Kesi nyingi, matunda mengi. Nyani alinenepa.

Siku moja Hondohondo alivuka mto na habari. "Bibi Jaji, binti yako amejifungua. Mtoto ana magamba laini, meupe. Anasema uje umbebe."

Mtoto wa kakakuona hubebwa mkiani, tena hubebwa muda mfupi tu. Na binti yake mwenyewe Kakakuona hakuwahi kumbeba. Binti alibebwa na shangazi, mama yuko kesini.

"Huyu nitambeba," alisema Kakakuona. Akawaita wote, akawaambia anaachia kiti. Hapo ndipo alipouliza lile swali, likakosa mwenyewe.

Wakamuaga, basi. Twiga alihutubia, Pofu alihutubia, Nyani alihutubia mara mbili. Wakamwita nguzo, wakamwita taa. Walipomaliza kumsifu, Ngiri akanyoosha mguu. "Bibi, kabla hujaenda. Kakesi kadogo."

Kesi yenyewe ilikuwa hii. Muhanga alichimba shimo, akalala humo usiku mmoja, akaondoka. Ngiri akalikuta tupu, akaingia kinyumenyume kama kawaida yake, akalala. Muhanga akarudi: shimo langu.

Kesi hiyo Kakakuona aliiamua kwa babu zao. Akaiamua kwa baba zao. Akapumua, akakaa, akasema yaleyale: "Shimo ni la anayelala humo leo. Mwenye kucha achimbe jingine."

"Haki imetendeka," wakasema wote, na siku ikawa imekwisha. Nyuma ya Ngiri ilikwishapangwa foleni.

Hondohondo akavuka tena. "Bibi Jaji, mtoto ameanza kupanda mkiani. Mama yake anasema uje."

Mara hii Kakakuona hakuaga mtu. Alifika mtoni, akaweka mguu juu ya gogo la kuvukia. Nyuma yake, vumbi: Ngiri, Muhanga, na Nyani anahema.

"Bibi, shimo."

"Shimo gani?"

"Lilelile."

Kakakuona alichoka mpaka kwenye magamba. Akajikunja, akawa mpira.

"Shh," akasema Nyani. "Mheshimiwa anatafakari."

Wakaketi kumzunguka. Siku ya kwanza wakangoja. Siku ya pili wakangoja, wakasifu jinsi anavyotafakari. Siku ya tatu njaa ikamkunjua mwenyewe, akawakuta palepale, macho kodo. Akasema, "Shimo ni la anayelala humo leo. Mwenye kucha achimbe jingine." Wakambeba juujuu kwa furaha, wakamrudisha kichuguuni.

Hondohondo akavuka mara ya tatu. Safari hii alisema polepole. "Bibi, mtoto amekuwa mzito. Jana alishuka mkiani mwenyewe, akatembea."

Kakakuona akashuka kichuguuni. Mbele yake, Ngiri na Muhanga.

"Msiniambie," akasema.

"Bibi, ni shimo."

"Niliamuaje mara ya kwanza?"

Wakajibu pamoja, bila kukosea hata neno: "Shimo ni la anayelala humo leo. Mwenye kucha achimbe jingine."

"Mnaijua."

"Tunaijua sana, Bibi. Tangu utotoni."

"Sasa mmenijia nini?"

Ngiri akaona haya. "Tunapenda ukiisema wewe."

"Inaingia vizuri zaidi," akasema Muhanga.

Kakakuona akageukia kichuguu, akapiga ukucha. Kipande kikaanguka. Akapiga tena. Mchwa wakamiminika, naye akatoa ulimi wake mrefu, akala.

"Mama wee, kiti cha umma!" akalia Nyani. "Nani atakaa wapi?"

"Ni chakula, Nyani," akasema Kakakuona, mdomo umejaa. "Miaka yote hii nilikalia chakula, wewe ukashiba."

Akala mpaka kichuguu kikawa sawa na ardhi. Akajifuta mdomo, akashika njia. Mara hii hawakumfuata, maana hapakuwa na pa kumrudisha.

Ngiri na Muhanga wakabaki wakitazamana. Jua likateremka. Hatimaye Muhanga akaguna, akasogea hatua chache, akaanza kuchimba. Ngiri akaingia shimoni kinyumenyume. Hakuna aliyewaamulia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kabla yake, na walilijua hilo siku ile alipowauliza.

Na Kakakuona? Alivuka. Alimkuta mjukuu anafukua mchwa kando ya mama yake, mnene, hodari. Bibi akalala chini, akanyoosha mkia. "Panda."

Mtoto akapanda kwa heshima tu. Bibi akavuta hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu akasimama. Mkia haukuinuka.

"Si kitu, Bibi," akasema mtoto, akashuka. "Twende tu, natembea."

Funzo ni hili: anayeijua hukumu na bado akaifuata kwa jaji hatafuti haki, anatafuta wa kumchosha. Na sifa tamu zaweza kuwa kamba.

Nafunga mlango.

— Funga, tumetoka.

Bado hamjatoka wote. Wewe wa mwisho, kama kwenu yupo aliyekwisha kuaga, naomba umpishe apite.